Meno ya Fundi Viatu

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi, na kinyozi ni mimi. Wengine ni Spana, fundi magari, na Mzee Rula, mwalimu mstaafu ambaye bado anasahihisha watu. Ng'ambo ya barabara anakaa fundi viatu tunayemwita Misumari. Ana miaka sitini na tatu na meno yote, meupe, hata moja halijatoboka. Leo asubuhi Mama Birika, mjane anayetuuzia kahawa, amesimama kwake dakika kumi nzima wakicheka, ndipo akatuletea sisi kahawa iliyopoa. Mama huyo nimempania tangu mwaka jana. Posa ninayo kichwani, imebaki kuitoa. Kwa hiyo wivu ninao, na sioni haya kusema.

— Yale meno ni ya bandia, nikaanza.

— Ya bandia hayana mwanya, akasema Mzee Rula, akichovya biskuti ya nne. Ni ngozi ile. Mtu akinusa ngozi miaka arobaini, meno yake yanadhani bado yako kwa mnyama.

Spana alikataa. Kwake yeye Misumari anayapaka ile dawa nyeupe ya raba za shule, na ndiyo maana kopo lake huisha upesi. Alisema hayo huku akijitupia karanga za sukari mdomoni, mojamoja, kama afanyavyo tangu afungue gereji hadi afunge.

— Mbona wewe hushibi? nikamuuliza.

— Sili, bwana, naonja tu. Haba na haba hujaza kibaba.

Mzee Rula akamwambia methali hiyo inamshitaki, si kumtetea. Spana akaonja nyingine.

Nami nikatia pipi mdomoni, ya saba kwa leo. Kichwa kimoja, pipi moja. Ndivyo nilivyofundishwa kazi. Unainama usoni kwa mtu, huwezi kumpumulia hivihivi.

— Sikilizeni, nikasema. Jumatatu niliacha kiatu kwake. Jumanne jino langu la nyuma likaanza kupwita. Yule anatuvuta meno kupitia soli.

Mzee Rula akakumbuka kwamba naye alishonesha makubazi mwezi uliopita, na kweli kuna jino lilimtoka.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa dada mmoja, mguu mmoja pekupeku, akisubiri kiatu chake. Akatuomba radhi, akauliza:

— Huyo fundi, kaka zangu, anatafuna saa ngapi?

Tukamtazama Misumari. Alikuwa amebana misumari sita kwa midomo, anachomoa mmoja, anagonga, anachomoa mwingine. Huwa hivyo tangu anapofungua, na ndiyo asili ya jina tulilompa. Mwenye misumari mdomoni hatii karanga.

— Saa saba, akasema Mzee Rula polepole. Akishakula anasukutua kwa maji, anairudisha misumari.

— Na nyinyi?

Spana akafumba kiganja, karanga ndani.

Hapo Mama Birika akaja kukusanya vikombe. Akasimama mbele yangu, birika mkononi, akaniangalia kwa upole ambao sijawahi kuuona.

— Kinyozi, mwaka mzima una neno unataka kuniambia. Si uliseme tu.

Nikafungua mdomo. Ile pipi ikateleza ikazama katika tundu la jino, na badala ya posa nikatoa mlio. Machozi yakanitoka mbele ya watu.

— Maskini, kumbe ni jino, akasema Mama Birika. Na kliniki ya meno leo imefungwa. Akageukia barabarani, akaita kwa sauti laini: Fundi, hebu njoo na koleo lako.

Misumari akaitema misumari kiganjani, akachukua koleo, akavuka barabara akitabasamu, meno yote thelathini na mawili.