Mtungi wa Akonaay Umeoshwa

Wazee wetu shikamooni, ndugu na majirani wote mliofika hapa Mogitu leo Jumamosi tarehe 15 Februari 2025 poleni, anayewaeleza ni Basili, mdogo wake marehemu, ambaye Manyara nzima hakuna aliyemjua Akonaay kumshinda.

Marehemu Akonaay Lukasi alizaliwa tarehe 3 Mei 1958 kijiji cha Daudi, Mbulu, akasoma hapo hapo mpaka darasa la saba mwaka 1973, na mwaka 1979 akaajiriwa shamba la ngano huku Hanang, akafundishwa kukata chuma kwa gesi ya kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo ukiyatia maji yanatoa gesi inayonuka kama kitunguu swaumu kilichooza.

Shamba lilipofungwa mwaka 2003 akauziwa mtungi uliochakaa wa kutengenezea gesi hiyo, Basili akaubeba begani peke yake hadi karakana yake hapa, wanaume sita wakimfuata nyuma na midomo wazi, na kwa miaka ishirini na moja marehemu akaumwaga na kuuosha kila jioni, akiukwangua kwa mti, chuma kamwe, maana cheche moja tu inalipua kijiji, ninyi majirani mkiziba pua na kumtukana, halafu kila Desemba mnakuja na ndoo, shikamoo fundi, tunaomba lile tope la kabaidi linalokauka jeupe tupake nyumba kwa Krismasi, hata haya hamna.

Alifunga ndoa na Scolastica tarehe 1 Desemba 1984, wakajaliwa Lameck, Benedikta na Glory.

Julai 2024 kisukari kikamlaza, kidonda cha mguu kikakataa kupona, na hapo ndipo aibu ilipoanza, maana Lameck na huyu huyu Basili waliutumia mtungi miezi saba bila kuuosha hata siku moja, wakiongeza kabaidi juu ya uchafu, mpaka marehemu akaisikia harufu yake kutoka kitandani, akasema mbele ya Scolastica kwamba asishushwe kaburini mtungi ukiwa vile, na atakayeuosha ndiye mwenye nao.

Alifariki Jumanne tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi, na maziko yakakwama siku tatu kwa sababu ya kinyaa, Lameck akidai baba mdogo, humo kuna mzoga, akaja na nyundo na patasi kubandua tope lililoganda, Basili akamnyang'anya, akamwambia wewe, unataka tuzikwe wote kwenye shimo moja?

Jana asubuhi Glory akajifunga khanga, akaingiza mkono mpaka begani, akakwangua kwa mti kama baba yake, lile tope la kijivu likatoka mabonge kwa mabonge, likinuka mpaka nzi wakaanguka, na Basili, aliyebeba mtungi huo peke yake, akatapika mara mbili nyuma ya karakana, wala hafichi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, mzee Gidabuday wa Gendabi aliyeleta ng'ombe, na hata majirani wenye ndoo.

Kaburi lako tumelipaka lile tope lenyewe, kaka, limekauka jeupe, halinuki tena, mtungi ni wa Glory, lala salama.