Maji ya Mtaa wa Juu

Sogeeni karibu, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haifiki hata mlangoni, na haya ninayotaka kuyasema sitayarudia. Kifunguamimba, kaa hapa kwenye kiti cha mama yenu. Najua umenuna, nuna tu, lakini sikiliza. Binti yangu, niinulie mto. Na wewe kitindamimba futa machozi, baba hajafa bado, na akifa atakufa mwepesi kuliko alivyoishi.

Kazi yangu mnaijua. Miaka thelathini na minne nimepaka vyuma kromu katika karakana ile nyuma ya nyumba: bampa za magari, mabomba ya bafuni, vitanda vya hospitali, usukani wa baiskeli. Chuma kilichokuja kimejikunja kwa kutu kiliondoka mtu anaweza kujitazama humo akachana nywele. Mvuke wa tangi ukanila ukuta wa pua hadi ukatoboka, nikawa kila nikipumua napiga mluzi, na mtaa mzima ukaniita Fundi Filimbi. Mlikuwa mnajua nimefika kabla sijabisha hodi. Tulicheka. Lakini kitu kinachotoboa pua ya mtu kwa mvuke wake tu, kikiingia kwenye maji ya kunywa kitafanya nini? Swali hilo nilikuwa nalo mapema, nikalikalia kama kuku anavyokalia yai viza.

Tangi kubwa la kromu lilifukiwa nusu ardhini, na ndani lilikuwa na bitana ya madini ya risasi ili asidi isile chuma. Mwaka ule kitindamimba alipoanza darasa la kwanza, nikaona linapungua. Kila Jumatatu nikawa naongeza maji ndoo tatu, baadaye tano, baadaye nane, nikijiambia yanakauka kwa joto. Joto gani la kukausha ndoo nane kwa wiki, hata msimu wa baridi? Siku moja nikachimba pembeni, nikakuta udongo wa manjano kama kiini cha yai. Nikaufukia. Kulimwaga tangi na kulitandika upya kungefunga karakana miezi mitatu, nami nilikuwa nimeahidi vitanda mia mbili vya hospitali. Nikasema, nikimaliza vitanda. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanangu, ila matumbo yenyewe hayakuwa yangu, maana hatua mia tatu chini ya karakana, kwenye mteremko, ndipo kilipo kisima kirefu cha idara ya maji, na hicho ndicho kilichokuwa kinajaza bomba la mtaa.

Aliyegundua wa kwanza hakuwa mtaalamu, alikuwa dobi, jirani yetu wa nyumba ya kona. Alikuja karakana na shuka nyeupe, wateja wamejaa, akaikunjua mbele yangu. Akasema, "Fundi, mimi nafua tangu niko msichana. Umanjano huu si wa nguo, ni wa maji. Na maji yanateremka kutoka upande wako."

Nikamjibu abadilishe sabuni, na kama sabuni haitoshi abadilishe macho. Wateja wakacheka. Tangu siku ile akaitwa Mama Manjano, kazi ikampungua, barua yake kwa idara ikaonekana ya mzushi, na mimi nikaacha kumsalimu, kwa kuwa uliyemdhulumu ni mzito kumtazama kuliko aliyekudhulumu.

Hayo mmekwisha kuyasikia mtaani. Hili hamjalisikia. Mnayakumbuka madumu? Kila asubuhi nilikuwa napakia madumu kwenye pikapu na kwenda kuchota bomba la mtaa wa juu, upande wa pili wa kilima, wao wana maji yao. Nikawakataza kuonja maji ya bomba letu, hata kusukutua. Nilisema yana chumvi. Binti yangu, siku moja nilikuchapa kwa kuwa ulikunywa pale ukitoka shule. Uliniuliza kosa lako nini, nikaingia karakana. Mkakua mkiamini baba yenu anawapenda kupita kiasi. Niliwapenda, ndiyo. Lakini hayakuwa na chumvi. Nilikuwa najua. Niliwatoa watoto wangu kwenye nyumba inayoungua, nikaufunga mlango nyuma yangu, na watoto wa wenzangu wamo ndani. Hicho ndicho kilichokuwa kinanikaba miaka yote hii, si mapafu.

Ngojeni nipumue.

Kifunguamimba, ulipomleta yule mnunuzi wa kiwanja miezi mitatu iliyopita, ulidhani umenipumzisha. Tangi tuliling'oa miaka sita nyuma kifua kiliponishinda, lakini udongo ulibaki na sumu yake. Yule bwana, mtu mpole, akasimama palepale lilipokuwa, akasema hapa atachimba kisima, pale ataweka nyumba kumi za kupangisha, na katikati uwanja wa watoto kuchezea. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Nikaiweka chini, nikasema nimechoka. Ulikasirika, na ulikuwa na haki. Asubuhi yake nikachukua fimbo nikaenda kwa dobi, mwendo wa dakika tano ulionishinda miaka kumi na tisa.

Nikamkuta anapiga pasi. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama, na la madumu pia. Hakupaza sauti. Alimalizia kola ya shati, akaweka pasi kando, akasema, "La madumu nilijua, fundi. Mkeo alikuwa akiniletea mawili kila siku, wewe ukishaingia karakana. Ndiyo waliyokunywa wanangu."

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Mke niliyedhani nimemdanganya kwa neno chumvi alikwenda akayaonja mwenyewe yale maji, asikute chumvi yoyote, akajumlisha na ile shuka, akapata jibu. Akamwapisha dobi asitamke neno, akasema, mume wangu atasema mwenyewe, nampa muda. Alinipa muda mpaka ukamwishia yeye. Nami sisemi alifanya sawa. Aliokoa nyumba moja kwa madumu mawili, na mimi ningeuokoa mtaa kwa sentensi moja. Nikamuuliza dobi, baada ya msiba wa mke wangu mbona hukusema? Akanijibu kwamba alikwisha kusema mara moja mbele za watu, akaiona faida yake.

Siku hiyohiyo tulikwenda idara, yeye na mimi, na chupa ya maji ya bomba letu. Mpimaji, mama mmoja mwenye miwani, akatia matone ya dawa, na maji meupe yakageuka zambarau tunayatazama. Akasema hiyo ni kromu sita, ile kali, si nduguye mpole aliyemo hata kwenye chakula, na kuichemsha hakusaidii kitu. Nikatoa maelezo ya tangi, nikatia sahihi. Kabla ya jioni kisima kikafungwa na magari ya maji yakaingia mtaani.

Watu walikuja uani, mliwaona. Mwashi aliyezika mkewe aliniuliza mbele yenu kama ni maji yangu yaliyomuua. Daktari anasema hakuna awezaye kujua nani aliugua kwa maji na nani kwa mambo yake. Nikamwambia hivyohivyo: sijui, na siwezi kukuapia kwamba siyo. Akaondoka bila kuniaga. Huyo msimfuate kumwomba anisamehe. Msamaha haulazimishwi.

Lakini niwaambie la ajabu. Tangu siku ile nalala. Kifua kinauma, miguu imevimba, na nalala kama mtoto aliyeshiba. Na juzi yule mpimaji alikuja hapa na chupa ya maji ya bomba jipya, lile walilolivuta kutoka mtaa wa juu. Akatia dawa yake, akaiinua dirishani, tukangoja, tukangoja, maji yakabaki meupe. Nikalia. Nanyi mkakimbilia vidonge, mkidhani ni maumivu.

Sasa yaliyobaki, na myashike. Kiwanja msikiuze kwa mtu asiyejua, hata aje na uso wa malaika. Idara wanakuja kuuchimba ule udongo na kuutibu. Wapisheni, wapeni na kivuli cha kukaa. Kifunguamimba, najua ulikuwa umekwisha kujenga kichwani kwa fedha ile. Nisamehe, lakini bora ukose nyumba kuliko ukose pa kuweka uso. Nyumba hii ni yenu watatu, kitindamimba aendelee kukaa humu. Pikapu ni ya binti yangu, ndiye pekee aliyeipenda hata siku za kuisukuma. Vyombo vya karakana visipewe mtu.

Siku ya maziko yangu, dobi mumketishe pamoja nanyi, mahali ambapo mama yenu angekaa. Jina lile la Mama Manjano lisitoke tena midomoni mwenu. Huyo ni shangazi yenu. Na la madumu halimo katika maelezo ya idara, kwa hiyo wewe kifunguamimba ulisimamie, ulitamke kwa kinywa chako watu wakisikia. Mficha maradhi kilio humuumbua; semeni ninyi, kabla kilio hakijasema. Mtaitwa watoto wa mwenye sumu. Itikeni, halafu muishi vizuri, jina litachoka lenyewe.

Nipeni mikono. Wote. Hivyo.

Sina kinyongo na hata mmoja wenu. Radhi zangu mnazo, za mchana na za usiku. Mungu awape kauli nyepesi... neno la kweli lisiwakwame kooni kama lilivyonikwama mimi. Wajukuu wangu wanywe popote kiu inapowakuta.

Fungua dirisha, binti. Zaidi kidogo. Mnasikia ndoo? Wamefungua bomba... wanagombania zamu. Sauti nzuri, hiyo. Zamani nilikuwa nafunga dirisha.

Mimi nitalala kidogo. Msinikalie hapa. Chukueni ndoo, wote watatu... nendeni kule bombani. Salimieni watu.

Mkapange foleni.