Bwana Herufi na Damu ya Mpwa Wake

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi nyote mliofanya kazi na marehemu, familia inawashukuru kwa kufika, na imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya kaka yetu, ambayo sehemu yake moja alisisitiza mwenyewe iandikwe, kwa hiyo mtakapoisikia msidhani ni utovu wa adabu wa aliyeshika karatasi.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bwana Herufi, alizaliwa tarehe 9 Julai 1955, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne, baba akiwa fundi cherehani na mama mkunga, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baiskeli, na mama alipoitwa kuzalisha, aliyembeba mgongoni ni dada yetu mkubwa, yule aliyeketi pale mbele, ambaye kwake alikuwa dada na nusu mama.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1963 hadi 1969, na sekondari kuanzia 1970 hadi 1973, ambako aliifungua hadubini ya shule ili aone ndani kuna nini, akashindwa kuirudishia, akala viboko sita, na bado akashika namba moja katika biolojia. Mwaka 1977 alihitimu chuo cha maabara, na tarehe 2 Januari 1978 akaajiriwa katika hospitali ambayo hakuihama mpaka anastaafu.

Jina la Bwana Herufi alipewa na wazazi wa watoto wagonjwa, kwa sababu hakuweza kumpa mtu majibu ya damu bila kumweka kwenye benchi la korido na kumfundisha. Alitembea na kipande cha waya wa simu ya mezani, ule uliojisokota, mfukoni mwa koti jeupe, akisema protini ndiyo hii, ni mnyororo mrefu wa vipande vilivyopangwa kwa zamu, unaojikunja wenyewe ukapata umbo, na umbo ndilo linalofanya kazi, ukiliharibu umbo umeharibu kazi. Mpangilio wa vipande, aliendelea, umeandikwa kwa herufi nne tu kwenye DNA, ndani ya kiini cha seli, ambako hutolewa nakala inayokwenda kusomwa herufi tatu tatu, na kila tatu zinaita kipande kimoja. Kwa mtoto mwenye selimundu imebadilika herufi moja, kipande cha sita kati ya mia moja arobaini na sita kikawa kingine, basi hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, ikishaiachia inashikana na nyingine, na seli nzima inapinda. Mama mmoja alimwambia amekuja kuchukua karatasi, si kufanya mtihani, na marehemu alicheka mpaka akakaa chini.

Tarehe 18 Desemba 1982 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto, shemeji yetu huyu, wakajaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, wote wapo hapa.

Sasa nafika alipotaka nifike. Kati ya Juni na Agosti 1991 alikwenda masomoni kujifunza kutenganisha hemoglobini kwa umeme, akarudi na cheti, kichwa kimevimba kidogo, na damu ya kwanza aliyoipima kwa ujuzi mpya ilikuwa ya binti wa dada yetu, aliyekuwa na miaka minne na maumivu ya viungo. Fomu inauliza kama mgonjwa ameongezewa damu miezi ya karibuni, na marehemu, kwa kuwa mtoto ni wa nyumbani, hakumuuliza mtu, alijaza mwenyewe kuwa hapana. Kumbe mwezi mmoja nyuma, yeye akiwa masomoni, mtoto aliongezewa damu, na dada hakumwandikia asije akamvurugia mitihani. Mashine ikaona hemoglobini salama ya aliyechangia damu pamoja na ile mbovu ya mtoto, na marehemu akaandika kwamba mtoto amebeba tu selimundu kutoka kwa mzazi mmoja, haumwi. Kwa miezi kumi na minne tulimkanda kwa maji ya moto tukisema anakua, mpaka Novemba 1992 alipopata kiharusi, mkono wa kushoto ukalegea.

Marehemu alirudia kipimo, akaelewa. Wenzake walimshauri anyamaze, maana hakuna ambaye angejua, lakini tarehe 30 Novemba aliandika barua ya kujishtaki kwa mkuu wa maabara, akaenda na nakala nyumbani kwa dada, akapiga magoti sebuleni akamsomea. Dada aliichukua ile nakala, akaikunja, akaenda kumwekea chai. Marehemu aliondolewa kwenye vipimo miezi mitatu akaosha vioo vya maabara, na aliporudi hakupima tena damu ya ndugu. Kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi alimpeleka mpwa wake kliniki, miaka kumi na minne, na leo binti huyo ana miaka thelathini na sita, ni mwalimu, na historia hii ameiandika yeye kwa mkono wake wa kulia.

Alistaafu mwaka 2015, akaanza kuugua figo mwaka 2022, na alifariki tarehe 3 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotuachia magari yao, na wafanyakazi wa maabara, ambao mpaka leo humuuliza kila mgonjwa kwa sauti kama ameongezewa damu.

Mwisho, dada ameomba nisome haya. Mwezi Januari marehemu alimuuliza kama bado ana kinyongo naye, dada akageuka kufuta machozi, akamwambia anywe dawa kwanza watazungumza kesho, na kesho yake marehemu hakuweza tena kuzungumza. Anasema alimsamehe siku ileile ya barua, akadhani marehemu anajua. Mdogo wangu, anasema, sina kinyongo, sijawahi kuwa nacho, nenda ukapumzike na amani yako yote.