Vitwitwi Arobaini na Mmoja

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki mbali siku hizi, na wewe kifungua mimba usinikatize kama kawaida yako, utasema mpaka uchoke nikishanyamaza. Nyumba ni yenu wote, na mtu asiuze hata chumba kimoja bila wenzake kujua. Darubini na madaftari ya ndege ni ya binti yangu, maana ndiye pekee aliyekubali kuchafuka tope pamoja nami. Hayo mepesi yamekwisha.

Lililonikaa kooni ni la baba yenu mdogo. Mmekua mkimwita Mzembe, na jina hilo ni mimi niliyelileta nyumbani humu.

Mnaijua kazi yetu pale mto unapoingia baharini. Hakuna aliyetulipa. Maji yakipwa tulitega nyavu laini juu ya tope, tukawanasua ndege mmoja mmoja, tukawapima, tukawavisha pete yenye namba mguuni, tukawaachia waende zao. Kanuni yetu kubwa ilikuwa moja: aliyeshika jedwali la saa za maji kujaa na kupwa ndiye anayeamua nyavu zitolewe saa ngapi, na wengine wote wanamtii. Asubuhi ile jedwali lilikuwa mfukoni mwangu. Kurasa mbili zilikuwa zimegandana kwa unyevu, nikasoma saa za wiki inayofuata bila kujua. Mdogo wangu akaniambia, "Kaka, naona maji yanapanda." Nikamwambia anywe chai yake atulie, tuna saa tatu nzima. Akatii. Tulipofika kwenye nyavu, upande wa chini ulikwisha kuzama, na vitwitwi arobaini na mmoja, wale ndege wadogo wa topeni, walikuwa humo, wengine wana pete tulizowavisha wenyewe. Niliwatoa kwa mikono hii, na mmoja alikuwa angali na joto.

Mwenyekiti wa kikundi alipouliza nani alishika jedwali, nikasema ni mdogo wangu. Alinitazama, wanangu. Hakusema kitu, kwa sababu tangu utotoni hajawahi kunikana mbele ya watu. Walimnyang'anya kibali cha kuvisha ndege pete siku hiyo hiyo, mimi wakanipa uongozi, nami nikaupokea bila aibu. Miaka ishirini na miwili namkuta amesimama darajani, anawahesabu ndege kwa macho matupu. Nikipita ananiamkia, "Shikamoo kaka," kisha anageukia tope lake. Bora angenitukana. Shikamoo hiyo imenila kuliko ugonjwa huu.

Basi shikeni ninayowaagiza. Kabla hamjanizika, semeni haya mbele ya kikundi kizima, na daftari la siku ile lisahihishwe, liandikwe jina langu. Akikataa kuja msibani, msimlaumu. Akija, atangulie yeye mbele ya jeneza, nyinyi mfuate nyuma... Ngojeni nipumue.

Mungu awatunze, wanangu. Awape ujasiri wa kuambiana kosa lingali bichi, ambao mimi baba yenu... sikuwa nao. Radhi zangu mnazo, nyote.

Lakini naona hata sasa nataka nyinyi mnibebee aibu yangu. Mdogo wangu alinibebea, inatosha. Binti yangu, chukua simu, mpigie. Usimweleze lolote. Niwekee hapa, sikioni... kisha tokeni, wote. Niseme mwenyewe, maadamu sauti ingalipo.