Tumemfanyia Mpangaji Usaili

Kijiwe chetu ni benchi la mbao za kufungia zege, limeegemea ukuta wa nyumba yangu hapa Chamazi. Nasema nyumba, lakini ni chumba kimoja chenye choo ndani, nilichojenga mwenyewe kwenye kiwanja alichoniachia marehemu mama. Mkono mmoja simu yenye video za mafundi, mkono mwingine mwiko. Kona moja imepinda. Haidhuru, digrii yangu ya uchumi imenyooka na haijaninywesha hata chai. Miaka minne naandika barua za kazi, nimechoka. Juzi nikachukua chaki nikaandika mlangoni: CHUMBA KINAPANGISHWA. DALALI HATAKIWI. Kodi ya miezi sita ikiingia, napandisha chumba cha pili. Msingi wake uko pale nyuma, unaota majani. Isipoingia, narudi kwenye barua za "We regret to inform you". Na huko sirudi.

Asubuhi hiyo tulikuwa wanne. Mzee Hija na birika lake la kahawa. Injinia, seremala wa Keko ambaye uinjinia hajausoma hata siku moja. Mie, wanayeniita Digrii. Na Waziri, dalali, aliyeusoma ule mlango kama mtu aliyetukanwa mama yake.

Waziri: Digrii, mdogo wangu, umenikosea. Kupangisha bila dalali ni sawa na kuoa bila mshenga.

Mie: Mshenga gani anachukua kodi ya mwezi mzima kwa kuonyesha mlango tu?

Waziri: Nawajua watu! Mie mpangaji namsoma kwa ndala. Kisigino kikilika upande wa nje, huyo atahama usiku.

Injinia: Ndala uongo. Msome kwa kitanda. Akileta sita kwa sita kwenye chumba cha kumi kwa kumi, ujue ndugu zake wako njiani.

Mzee Hija: Nyie watoto hamjui kitu. Muulize anapikaje samaki. Wa kukaanga kila siku huyo anakumalizia rangi ya ukuta.

Waziri: Na nyumba isiyopita kwa dalali, wallahi, mpangaji wake wa kwanza ni jini.

Mie: Halipi kodi?

Waziri: Analipa, tena kwa wakati. Ila hahami.

Nikasimama mbele ya benchi.

Mie: Sikilizeni. Nimeketi mbele ya majopo kumi na moja ya usaili. Yote yamenitoa. Leo jopo ni sie. Mpangaji awe na uzoefu usiopungua miaka mitano. Wadhamini wawili. Vyeti vigongwe muhuri wa mwanasheria.

Injinia: Na awe na uwezo wa kufanya kazi katika mazingira magumu!

Mie: Hiyo ni lazima. Maji yanatoka Jumanne na Ijumaa.

Bado tunacheka, mpangaji mwenyewe akatokea na mwavuli mkononi. Auleria, mwalimu wa shule ya msingi, kahamishwa kutoka Bukoba. Akamwamkia Mzee Hija shikamoo. Nikampa ufunguo akaangalie chumba. Alipotoka nikamwekea stuli mbele ya benchi.

Mie: So, tell us about yourself.

Auleria: Kaka, mie nimekuja kutafuta chumba.

Waziri: Jibu swali, dada.

Injinia: Miaka mitano ijayo unajiona uko wapi?

Auleria: Kwangu.

Mzee Hija: Samaki?

Auleria: Nachemsha.

Mzee Hija: Amefaulu huyu.

Mie: Kwa nini tukuchague wewe tuwaache wengine?

Auleria: Wengine wako wapi?

Waziri akacheka mpaka kahawa ikampalia. Nikakaza sura, kama mabosi walivyonikaziaga mie.

Mie: Ahsante. Tutakujulisha. Una swali lolote kwa jopo?

Auleria: Ninalo moja. Humo ndani kuna godoro, kuna jiko, na joho la mahafali limetundikwa msumarini. Huyo anayelala humo, anahamia wapi?

Nikamtazama Injinia. Injinia akamtazama Waziri. Waziri, anayeweza kuisifia hata nyumba isiyo na paa, akaanza kukwangua tope kwenye kiatu. Mzee Hija akainamisha birika. Likatoa tone moja, basi. Asubuhi nzima tumejadili ndala, vitanda na majini. Hilo halikumpitia mtu kichwani.

Auleria: Ni wewe?

Mie: Ni mie.

Auleria: Unakwenda wapi sasa?

Nikanyoosha kidole kule nyuma, kwenye msingi.

Auleria: Pale hakuna kitu.

Mie: Dada, hata hapa ulipokaa hapakuwa na kitu.

Akasimama, akakung'uta sketi.

Auleria: Mkataba nitauandika mie, maana jopo lenu silielewi. Godoro litoke leo.

Wa kwanza kuingia ndani alikuwa Waziri. Akashika ncha moja ya godoro, akaniita kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

— Shika upande huo, mwenye nyumba!