Mzee Hermenegildi, Mpishi wa Safari za Ng'ambo ya Mto

Jumatatu tarehe 30 Novemba mwaka huu wa 1959, sikukuu ya Mtakatifu Andrea, Mzee Hermenegildi Ponsiano atakabidhi funguo za stoo ya jikoni na kwenda zake nyumbani Katindiuka. Ameitumikia misheni yetu ya Ifakara miaka ishirini na tisa. Aliingia akiwa kijana wa kuchanja kuni. Anaondoka akiwa mtu ambaye wageni kutoka Ulaya humwulizia hata kabla hawajaonyeshwa pa kulala.

Ni mzaliwa wa upande wa Mahenge. Baba yake, marehemu Mzee Ponsiano, alihamia bondeni kwa kufuata ardhi ya mpunga, akaja na mwanawe huyu ambaye, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa mvivu wa jembe na hodari wa sufuria. Kuni alichanja miaka miwili tu. Siku moja mpishi wa zamani aliugua, mapadre wakakaa mezani hawana chakula, na mchanja kuni akawaletea wali na kuku ambao hakuna aliyemwagiza. Tangu siku hiyo shoka alipewa mtu mwingine.

Msimdhanie malaika. Jikoni kwake palikuwa na sheria nyingi kuliko bomani. Aliyechelewa chakula aliambiwa sahani yake imeliwa na paka, na misheni yetu haijawahi kufuga paka. Lakini mpeleke porini umwonyeshe kichuguu kikavu: atakichimba tumbo, atawasha moto ndani, na kabla ya jua kuwa kali atakutolea mkate ulioumuka vizuri kuliko wa dukani. Mkate huo ndio uliomfanya achaguliwe, mwaka 1951, kuwa mpishi wa safari za watu wa kujitolea.

Kwa wasiowajua, hawa si mapadre wala masista. Ni waumini wa parokia moja ya Uswisi: maseremala, wauguzi, washonaji, ambao huacha kazi zao kwa miezi kadhaa na kuja kusaidia kujenga shule na kutibu watu katika vijiji vya bonde letu. Kwao waliambiwa kwamba wanakwenda kuwahudumia maskini wa nchi za mbali. Maskini hao ndio sisi, na hakuna aliyekuwa ametuarifu.

Kiongozi wa kundi la kwanza, Bwana Fridolin, seremala mrefu mwenye ndevu nyekundu, alikuja na masanduku ya vyakula vya makopo kwa kuogopa njaa. Hermenegildi aliyafungia masanduku stoo, akawapikia wali mpya na kambare aliyebanikwa kisha akaungwa karanga. Bwana Fridolin alikula sahani mbili, akafuta ndevu, akauliza kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hii nzuri sana. Hii kopo gani?"

"Kopo la mto, bwana," alijibiwa. "Limefunguliwa leo asubuhi."

Kuanzia hapo wawili hao walipendana.

Ningeweza kuijaza karatasi hii kwa vichekesho vya namna hiyo, na wengi mngefurahi. Lakini liko jambo moja ambalo lazima niliandike, kwa sababu mimi Sebastiani, dresa wa hospitali, nilikuwapo, na kwa sababu yeye mwenyewe akiulizwa hujibu tu kwamba mwaka ule mvua ilikuwa nyingi.

Ilikuwa mwaka 1955. Kundi la mwaka huo lilifika wakati wa Kwaresima. Kwao hayo ni majira ya kujinyima, wakaona ndiyo majira ya kuja. Kwetu ni masika, na mtu wa bonde hapokei mgeni ila kwa mtumbwi. Walikuja kuezeka shule ya Mbarapi, kijiji kilicho ng'ambo ya Mto Kilombero. Bwana Fridolin aliongoza tena, na miongoni mwao alikuwamo binti mmoja, Margareta, ambaye kwao alikuwa mwoka mikate. Alishinda jikoni akibishana na Hermenegildi kuhusu unga, kwa lugha ambayo haikuwa Kiswahili wala Kijerumani, na wote wawili walielewana.

Wiki moja baada ya Pasaka Margareta alishikwa na homa. Kila kidonge nilichompa alikitapika. Siku ya pili aliweweseka, akaanza kumwita Hermenegildi kwa jina la baba yake mzazi. Nikawaambia waziwazi, "Hapa sina sindano ya kumfaa. Asipofika hospitali Ifakara, tutamzika Mbarapi."

Mbuga yote kutoka kijijini hadi mtoni ilikuwa maji yenye matete mazito, mtumbwi haupiti. Mgonjwa angeweza kwenda kwa machela tu, mabegani mwa wanaume wa kupokezana. Na wanaume wa Mbarapi walikuwa mashambani, juu ya madungu yao, vile vichanja vya kulindia shamba, kwa sababu mpunga ulikuwa umeanza kukomaa. Mchana waliamia ndege, usiku walifukuza nguruwe. Mwaka uliotangulia mafuriko yalikuwa yameondoka na mavuno yote. Mtu akiliacha shamba siku mbili wakati kama ule, akirudi hukuta mabua.

Hermenegildi alikunja suruali, akaingia majini. Nilimfuata. Alikwenda moja kwa moja hadi chini ya dungu la Mzee Pantaleo, ambaye akishuka yeye, kijiji kizima hushuka.

"Shikamoo, Mzee Pantaleo."

"Marahaba. Leo tena unatafuta kuku?"

"Natafuta mabega. Yule binti wa mikate anakufa."

Mzee Pantaleo hakushuka. Alitazama mpunga wake, kisha akatutazama sisi. "Hermenegildi, mwaka jana wajukuu zangu walikula mizizi ya porini. Nikishuka hapa, mwaka huu watakula nini?"

"Shamba lako liko juu yangu."

"Wewe mpishi. Utaamia kwa mwiko?"

"Wale Wazungu watapanda madungu yenu mpaka mrudi. Na ukirudi ukakuta mpunga wako haupo, utakula wangu."

Kundi la ndege lilitua mbele ya yule mzee, naye hakulifukuza. Kisha alivua kombeo begani, akalitupa chini, Hermenegildi akalidaka. "Mpe huyo mwenye ndevu nyekundu," alisema, na akaanza kuwaita jirani zake kwa Kipogoro, dungu kwa dungu.

Sasa, Hermenegildi alikuwa hajamwuliza Bwana Fridolin. Tulimkuta amefunga mzigo. Alikuwa amemwahidi mama yake Margareta kwamba atamrudisha binti yake mzima, na hakukusudia kumwacha aende peke yake.

"Mimi kiongozi," alisema. "Mimi nakwenda."

"Ukienda wewe, bwana, wanaume hawa hawaendi." Hermenegildi alimpa kombeo. "Wao wanambeba mtoto wenu. Nanyi wabebeeni chakula cha watoto wao."

Bwana Fridolin alipokea kombeo. Alimgusa Margareta paji la uso. Kisha akageuka, akaenda kupanda dungu.

Tuliondoka na wanaume wanane. Maji yalifika kiunoni, mahali pengine kifuani, na pale machela ilipanda vichwani. Hermenegildi alitembea kando ya mgonjwa, birika la uji mwepesi limening'inia shingoni, na kila wabebaji walipopokezana alimtilia kijiko mdomoni. Mara nyingi uji ulirudi. Alifuta, akatia kingine. Mtoni tulifunga mitumbwi miwili pamoja ili machela ilale juu yake, tukalazimika kusubiri viboko watoke njiani, hakuna aliyethubutu kukohoa. Nilimtazama Hermenegildi wakati ule. Midomo yake ilikuwa ikisali, lakini macho yake yalikuwa nyuma, upande wa mashamba.

Jioni tulifika Ifakara. Daktari alimdunga sindano, na siku zile mbili zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Hatimaye Margareta alifumbua macho, akaomba mkate. Akauma kidogo, akasema umekosa chumvi. Ndipo tulipojua kwamba amepona.

Kule Mbarapi wageni walikuwa wakipiga kelele juu ya madungu kila siku tangu alfajiri. Watoto wa kijiji wanaapa kwamba ndege walikimbia kwa kuwa hawakuielewa lugha. Mashamba karibu yote yalisalimika. Moja halikusalimika, na lilikuwa la Mzee Pantaleo, kwa sababu linapakana na msitu. Bwana Fridolin alikuwa amekesha akimwaza Margareta. Usiku wa pili usingizi ukamshinda, na nguruwe waliingia. Kulipopambazuka, zaidi ya nusu ya mpunga ilikuwa imelazwa na kukanyagwa.

Tuliporudi Mbarapi tulimkuta kando ya shamba, hajala, hataki kumtazama mtu. Hermenegildi alimletea chai.

"Hata sisi hulala, bwana," alimwambia. "Ila sisi hulala kwa zamu. Kosa ni langu, nilikuweka peke yako."

Mzee Pantaleo alilizunguka shamba lake lote. Aliporudi, Hermenegildi alimwambia, "Neno langu liko palepale." Yule mzee aliitikia kwa kichwa tu.

Kutoa neno ni rahisi. Shamba la Katindiuka, kama mjuavyo, halilimwi na Hermenegildi. Hulimwa na mkewe, Mama Eufrasia, pamoja na binti zao, Yosefina na wadogo zake, wakati baba mwenye nyumba yuko safarini akiwapikia wageni. Alipofika nyumbani na kumweleza, mama yule aliuliza jambo moja tu.

"Ulimpa neno?"

"Nilimpa."

"Ulimpa neno lako juu ya mpunga wangu."

Kwa muda wa juma zima, mpishi mkuu wa misheni alijipikia mwenyewe nyumbani kwake. Hilo tulilijua wote, ingawa hatukucheka mbele yake.

Lakini mwezi wa Juni, mpunga ulipokwisha pigwa, ni Mama Eufrasia aliyejaza magunia, na ni yeye aliyeyashona midomo. Hermenegildi alipoingia mtumbwini, alimkuta mkewe amekwisha kaa.

"Unakwenda wapi, Mama Yosefina?"

"Kumwona huyo anayekula jasho langu."

Walifika Mbarapi mchana. Mzee Pantaleo aliyatazama magunia yaliyopangwa mlangoni pake, akatikisa kichwa. "Haya siyapokei," alisema. "Nikiyapokea, nitakuwa nimelipwa kwa kumbeba mgonjwa. Kwetu hatubebi wagonjwa kwa malipo."

Hermenegildi alitaka kubishana. Mkewe alimtangulia.

"Baba, shikamoo. Shamba nimelilima mimi. Huyu alisema, mimi nililima. Mpunga huu si malipo ya binti. Ni chakula cha wajukuu zako, na mimi ndiye ninayewapa. Utamrudisha mama wa watu na mzigo wake?"

Mzee Pantaleo alicheka, cheko ambalo Mbarapi walikuwa hawajalisikia tangu mafuriko. Alipokea gunia moja la mbegu na magunia ya kula, akarudisha moja, akasema hilo ni la njiani. Siku ile wanawake wawili, Mama Eufrasia na mke wa Mzee Pantaleo, walipika pamoja, na Hermenegildi alikatazwa kusogelea mafiga.

Bwana Fridolin alimaliza paa la shule. Kabla ya kurudi kwao alimjengea Mzee Pantaleo dungu la mbao, lenye ngazi na sehemu mbili za kulala, ili anayeamia asikose mwenzake. Liko hadi leo.

Margareta naye alirudi kwao, na wengi tulidhani tumeagana naye. Mwaka jana alikuja tena na kundi jipya. Alishuka kwenye lori, akapita mapadre na masista, akaenda moja kwa moja jikoni, akapiga goti kidogo kama binti za huku wanavyofanya.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu Hermenegildi bila kugeuka, maana macho yalikuwa yamemlowa naye hakutaka yaonekane. "Ndoo ile pale. Sufuria haziwezi kujiosha."

Huyo ndiye mzee tunayemuaga. Shule tatu ng'ambo ya mto zimeezekwa na watu walioshiba chakula chake. Wapishi wanne wa misheni za jirani wamefundishwa naye, na wote wanne wanasema aliwatesa na wote wanne wanapika vizuri. Wageni waliokuja kutuhudumia walijifunza kwake kuhudumiwa, jambo ambalo, nikiwatazama, naona liliwapa taabu kuliko kuezeka.

Nilimwuliza juzi atafanya nini huko Katindiuka. Alisema atajifunza kulima. Mama Eufrasia, aliyekuwa amesimama karibu, alisema jembe lake limekwisha tiwa mpini.

Mzee Hermenegildi, asante kwa kila sufuria. Asante kwa moto uliowasha kwenye matope na kwa maneno uliyotoa yakakugharimu. Tunakuombea mvua ya kiasi, afya njema, wajukuu wenye njaa, na asubuhi ambazo hakuna anayegonga mlango kuulizia chai. Uishi salama na kwa furaha pamoja na wako wote.

Na wewe, Mama Eufrasia, tunakurudishia mumeo. Tulisema tunamwazima kwa muda kidogo tu, nawe ulivumilia. Mpokee.