Bwana Mifugo na Wale Walioitwa "Kuku Tu"

Tarehe 30 Juni Bwana Mifugo wetu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne kazini. Kumi na mmoja kati ya hiyo amenitoa jasho mimi, msaidizi wake. Nimeombwa niandike maneno ya furaha. Nitajitahidi.

Fomu yetu ya kila mwaka ina swali jepesi: "Je, kaya ina mifugo?" Ofisi nyingine huuliza, huandika, huenda zao. Yeye alilikata kwa kalamu nyekundu. Ukimuuliza mtu hivyo, alisema, atakujibu hana, huku kuku wake wanakudonoa viatu, kwa sababu wengi wakisikia mifugo huwaza ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kwake yeye mfugo ni yeyote anayetunzwa na mwenye nyumba: bata, sungura, hata nyuki wa mzingani. Basi tukawa tunazunguka uani, tunainama mabandani, tunahesabu. Jogoo mmoja alinikimbiza hadi barabarani. Ripoti zilichelewa, barua za karipio zikaja, naye akazitoboa matundu na kuzipanga kwenye faili kama vyeti.

Mwaka ulioingia kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku, nilikuwa nimechoka naye kabisa. Nilipofika kwa shangazi yangu nilimuuliza nikiwa mlangoni. "Mifugo nitoe wapi, mwanangu? Nina kuku tu." Nilimsikia vizuri. Lakini jua lilikuwa kali na kuku wametawanyika, nikaandika "hana", nikala, nikaondoka.

Chanjo ikagawiwa kwa kufuata fomu. Mtaa mzima kuku walipona. Wa shangazi walikuwa kumi na tisa, akabaki mmoja.

Nilijiandaa kugombezwa, na nilistahili. Mzee huyu, aliyewahi kunisomesha saa nzima kwa ajili ya bata mmoja niliyemsahau, alikwenda moja kwa moja bandani kwake. Alitoa mitetea watatu, akampelekea shangazi kwa baiskeli, akarudi na kuniuliza kama nimeshakunywa chai. Mpaka leo shangazi akinipigia simu huanza kwa kumuulizia yeye.

Tunakushukuru, Mzee, kwa kila banda ulilotuinamisha. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha na majirani wasiojua fomu ni nini. Ila laiti ungenigombeza siku ile, leo ningekuaga moyo ukiwa mwepesi.